Atomu, Makala na Mazuku

Katika mtaa wa Ndosho, mjini Goma, watu wengi hupika kwa makala. Mbabula hujazwa asubuhi. Jioni yabaki majivu kidogo tu. Makala yamekwenda wapi? Ili kujibu, sharti kwanza kuijua atomu.

Vitu vyote, mawe, maji, chumvi na makala, vimefanywa kwa atomu. Atomu ni ndogo mno. Atomu milioni 1 za kaboni zikipangwa mstari mmoja, mstari huo haufiki milimita 1. Katikati ya atomu pana kiini, nacho ni kizito. Nje ya kiini zipo elektroni, nazo ni nyepesi sana.

Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark alieleza kwamba elektroni hukaa kama juu ya ngazi. Mtu apandaye ngazi hukanyaga kidato cha kwanza au cha pili. Hawezi kusimama kati yake. Elektroni nazo ni hivyo. Tia chumvi kidogo motoni: mwali wageuka manjano. Moto umezipandisha elektroni za sodiamu iliyomo katika chumvi. Zikishuka, hutoa mwanga. Vidato havibadiliki, basi rangi nayo ni ile ile siku zote.

Lakini elektroni haizunguki kiini kama mwezi uzungukavyo dunia. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger wa Austria alitoa hesabu mpya ya atomu, na Max Born wa Ujerumani akaeleza maana yake. Elektroni ni kama wingu juu ya mlima Nyiragongo. Mahali wingu lilipo zito, elektroni hupatikana mara nyingi. Mahali lilipo jepesi, mara chache.

Makala karibu yote ni kaboni. Atomu ya kaboni ina elektroni 6: 2 katika kidato cha kwanza, 4 katika cha pili. Oksijeni, iliyomo hewani, ina 8: 2 na 6. Kidato cha pili hujaa kikiwa na 8. Kwa hiyo, makala yakiwaka, kaboni 1 hushirikiana elektroni na oksijeni 2, hata kila atomu ikapata 8 katika kidato chake cha pili. Ndiyo dioksidi ya kaboni, hewa isiyoonekana wala kunuka. Huko ndiko makala yalikokwenda.

Hewa hiyo hiyo hutoka pia ardhini penye volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Kwa hiyo hutuama katika mashimo na mabonde ya mawe, hasa upande wa magharibi wa Goma, wakati hakuna upepo. Watu huiita mazuku. Huua mbuzi, huua na watu. Mtoto yumo hatarini zaidi, kwa kuwa pua yake iko karibu na ardhi. Ukiona ndege au panya waliokufa shimoni, usishuke. Mwenzako akianguka humo, usimfuate. Ita watu wazima upesi.

MASWALI
1. Kwa nini mwali wenye chumvi ni wa manjano?
2. Elektroni yafanana na wingu kwa jambo gani?
3. Kaboni 1 hushirikiana na oksijeni ngapi? Kwa nini?
4. Kwa nini mazuku hukaa mabondeni?