SOMO LA 22: KAMBO WA BIANO

Watoto, vitabu vingi husema «bibi» au «nyanya». Sisi watu wa Likasi twasema «kambo». Leo nitawasimulia habari za kambo yangu, mama yake mama. Hakujua kusoma, lakini alinipa somo ambalo sikulipata katika kitabu.

Kambo alizaliwa Biano, zamani za Wabelgiji. Ukipanda gari la moshi hapa Likasi kwenda Kamina, utapita Tenke, kisha utafika katika nchi ya juu, zaidi ya meta 1,500 juu ya bahari. Hiyo ndiyo Biano. Huko miti ni michache, majani ni mengi, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali. Mbung'o, yule inzi anayewatia ng'ombe ugonjwa wa kuwaua, hupenda kivuli cha miti. Biano hakipati. Kwa sababu hiyo makampuni yalichagua nchi ile kwa kufuga ng'ombe wengi. Watu wa migodi ya shaba walihitaji nyama.

Baba yake kambo alikuwa mchungaji. Ng'ombe hawakuwa mali yake. Yeye alipata mshahara na posho. Lakini aliwajua mmoja mmoja, akamfundisha binti yake. Kambo alijua kutafuta kupe masikioni na chini ya mkia. Alijua kuwapitisha ng'ombe katika josho, yaani shimo la maji yenye dawa. Alijua kukamua bila kumnyima ndama sehemu yake.

Mwaka mmoja, mwisho wa kiangazi, moto wa majani ulikuja usiku pamoja na upepo. Baba alikuwa kitandani, ana homa. Basi mtoto yule akafungua zizi, akatangulia mbele, akiwaita ng'ombe kwa majina. Walimfuata. Akawapeleka mahali palipoungua siku zilizopita, kwa maana moto hauli mara mbili. Wote walipona.

Alipoolewa alihamia mji wetu, ulioitwa Jadotville hata mwaka 1966. Mume wake alifanya kazi kiwandani. Kambo alilea watoto wake, akalima mahindi na mihogo, kisha akatulea na sisi wajukuu.

Mwaka 1992 nilikuwa na miaka kumi. Mwaka ule watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao hapa Likasi. Wazee wao walikuja zamani kwa kazi ya migodi na ya reli. Wengi wao walizaliwa hapahapa. Maelfu walilala kituoni wakingoja gari la moshi. Wengine walikufa pale kwa njaa na magonjwa, hasa watoto wadogo.

Kambo akapika uji, akaniambia: «Chukua ndoo, twende.» Niliogopa sana. Jirani mmoja akatuzuia njiani: «Mama, unawalisha watu wa nani?» Kambo akajibu: «Ng'ombe akiwa na kiu, sikumwuliza alizaliwa zizi gani.» Akapita.

Kituoni nilimwona mwenzangu wa darasa, ameketi juu ya godoro lililofungwa kamba. Niliona haya, nikatazama chini. Kambo akanigusa bega: «Mwite kwa jina lake.» Nikamwita. Akainua macho, akachukua kikombe. Hatukusema neno jingine. Baada ya siku chache aliondoka, wala sikumwona tena.

Kambo amekwisha kufa. Siku ya maziko tuliulizana majina ya wale ng'ombe aliowaokoa. Hakuna aliyeyajua. Kila mmoja alifikiri kwamba mwingine aliuliza.

Ninyi mlio na kambo nyumbani, ketini karibu naye leo jioni. Mwulizeni alizaliwa wapi, na mama yake alimfundisha nini. Kisha andikeni katika daftari.

MANENO
posho: chakula wanachopewa wafanyakazi
kupe: mdudu anayenyonya damu ya wanyama
zizi: mahali pa kulaza ng'ombe

MASWALI
1. Kwa nini mbung'o hapendi nchi ya Biano?
2. Kambo aliwaokoa ng'ombe namna gani?
3. Jirani aliuliza nini? Kambo alijibu nini?
4. Kwa nini mtoto alitazama chini kituoni?
5. Jina la mama wa kambo yako ni nani? Kama hujui, utamwuliza nani?