Mama anaacha nusu ya sinia

*Shangazi, mama yangu alipata kiharusi miezi mitano iliyopita, mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Sasa anatembea kwa fimbo. Tumemwekea dada wa kazi, lakini hataki kukaa bure. Nilimpa mchele achambue, akaurudisha nusu yake imejaa chuya na vijiwe. Nikauchambua upya jikoni kwa siri, akanifuma. Tangu siku hiyo hagusi kitu, analia tu. Kaka yangu aliye Dar anasema namtumikisha mgonjwa, na majirani wananong'ona. Nimwache apumzike?*
*Binti, Tanga*

Mwanangu, poleni sana.

Nianze na huo mchele, maana umebeba habari ambayo hukuitambua. Nusu iliyobaki na chuya ilikuwa upande gani wa sinia? Nakisia ni wa kushoto. Mwangalie na sahani yake akimaliza kula. Kama wali wa kushoto unabaki vilevile ulivyopakuliwa na yeye anasema bado ana njaa, au kama akipita mlangoni anajigonga bega la kushoto, basi mama si mvivu wala hajachanganyikiwa. Kiharusi kikipiga upande wa kulia wa ubongo hulegeza upande wa kushoto wa mwili, na mara nyingi mgonjwa hupoteza pia uwezo wa kuuzingatia upande huo. Macho yanaweza kuwa mazima kabisa, ila ubongo haumwambii kwamba kushoto nako kuna kitu. Kwa hesabu yake mama alichambua sinia zima, akakukabidhi kazi iliyokwisha, kisha akakukuta unairudia kwa kificho. Hata mimi ningelia.

Mrudishie sinia. Ukingo wa kushoto ufunge kitambaa chekundu, na kila mara aanze kwa kukitafuta kile chekundu kwanza, ndipo aje kulia. Akisema amemaliza, lizungusheni sinia ili upande uliokuwa kushoto uje kulia kwake. Chuya ataziona mwenyewe. Kikibaki kitu mwambie waziwazi, "Mama, bado kushoto," akitoe yeye. Usirudie kazi yake nyuma ya mgongo wake tena, hata kama wageni wako mlangoni na wali haujabandikwa.

Sasa kaka yako. Anamhurumia mama, nami simlaumu, lakini huruma ya namna hiyo inaweza kumkosesha mama mkono. Mkono uliolegea ukikaa bila kazi, mwenyewe huzoea kuishi bila kuutumia, hata pale nguvu zinapoanza kurudi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, aliifanyia kazi hali hiyo kwa miaka mingi, na tiba aliyoianzisha humvika mgonjwa glovu nene kwenye mkono mzima ili ule dhaifu ulazimike kujitahidi. Msije mkamfunga mama mkono wa kulia, maana tiba hiyo ina masharti yake na mtaalamu wa kuisimamia. Ninyi hakikisheni tu kwamba mkono wa kushoto haupitishi siku bila shughuli. Ushikilie bakuli wakati wa kulia unakoroga, au ukandamize nguo mezani wakati wa kulia unakunja. Nafuu kubwa kwa kawaida hupatikana katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, nanyi mko mwezi wa tano. Baada ya hapo haikomi, ila huja taratibu zaidi. Huu si wakati wa kumkalisha mbele ya televisheni kutwa nzima.

Hata hivyo, majirani wasikosolewe kwa kila kitu, maana zipo kazi za hatari kwake. Moto uje mwisho kabisa. Mkono wenye kiharusi mara nyingi hauhisi joto vizuri, na mtu anaweza kuungua asijue. Maji ayapime kwa mkono wa kulia. Jiko la mkaa lililo sakafuni, kigoda na mbuzi ya kukunia nazi vyote vinamtaka ainame na kuinuka, kwa hiyo bado. Sufuria iliyojaa haibebwi na mtu mwenye fimbo; mchuzi uchotwe kwa upawa palepale jikoni. Kisu nacho kisubiri mpaka auzoee upande wa kushoto, la sivyo kidole kitakuwa chini ya makali naye hana habari. Siku hiyo ikifika, mwambieni seremala apigilie misumari miwili isiyoshika kutu kwenye kibao cha kukatia, ncha zitokeze juu. Kiazi kikichomekwa hapo hutulia, naye akakimenya kwa mkono mmoja. Chini ya kibao tandikeni kitambaa kilicholowa kisiteleze. Leso na nguo ndogo anaweza kuzikamua kwa kuzizungusha kwenye bomba, ashike ncha mbili pamoja na kusokota.

Kazi moja asubuhi, kisha alale. Uchovu wa kiharusi humwangusha mtu ghafla, na akianza kukosea alichokiweza saa tatu, usimkaripie, mpumzishe. Mkimwinua, msimvute mkono wa kushoto, maana bega lililolegea huchomoka upesi.

Barua yako imenieleza anachotaka kaka, wanachosema majirani na unachohofia wewe. Sikuona mahali mama amesema anataka kurudia kazi gani. Muulize. Pengine mchele haumshughulishi hata kidogo, anachotaka ni kumwagilia mirehani yake, au kushika tena pesa ya sokoni na kumpangia dada wa kazi cha kununua. Kuendesha nyumba kwa maneno ni kazi halali, na nadhani ndiyo aliyonyang'anywa kwanza.

Kilio kisipoisha, mwambieni daktari. Huzuni nzito baada ya kiharusi huwapata wengi na ina matibabu. Pale Hospitali ya Bombo ulizeni pia habari za fiziotherapia na tiba kwa vitendo, yaani ile inayomfundisha mgonjwa kuoga, kuvaa na kupika upya. Kama anatumia dawa za presha, hazikatizwi eti kwa sababu sasa anatembea. Na siku yoyote mkiona mdomo umekwenda upande, mkono umeanguka ghafla au maneno yamekuwa mazito, ni hospitali saa hiyohiyo, kabla ya kumchua na kuitana.

Kaka yako naye asibaki mtu wa kupiga simu tu. Anunue kiti imara chenye mikono ambacho mama atakalia akifanya kazi zake mezani, ampatie ufagio wa mpini mrefu, na zamu ya kumpeleka kliniki mwezi ujao iwe yake.