Vuli imekaribia: funika udongo kabla kindi hajaupekua

Vuli ipo mlangoni. Kuanzia Tanga na Muheza hadi Morogoro, Moshi na Arusha, watu wameshaanza kujaza udongo mpya kwenye ndoo, magunia na vyungu vya kibarazani, wakisubiri mvua za Oktoba. Na ni katika majuma haya haya ambapo malalamiko ya kindi huongezeka kila mwaka: mtu kapanda maharage asubuhi, mchana anakuta udongo umetapakaa sakafuni na mbegu haipo.

Sababu yake haina fumbo. Mwishoni mwa kiangazi chakula vichakani kimepungua na ardhi imekauka ikawa ngumu, halafu wewe umeweka kibarazani udongo laini, wenye unyevu, uliochimbuliwa leo. Kindi ana tabia ya kufukia chakula, mbegu moja hapa na nyingine pale, kisha hurudi kukitafuta kwa kunusa. Kwake, udongo uliotifuliwa karibuni ni dalili kwamba kuna kitu kimefichwa. Mara nyingi hata hana haja na mmea wako. Utakuta mche wa sukuma wiki umelala kando, mizizi juu, na hakuna jani hata moja lililotafunwa. Alikuwa anapekua tu.

Kwa hiyo msimu huu sitakushauri jinsi ya kumfukuza kindi. Ukimfukuza asubuhi, jioni yuko juu ya mwembe anakuangalia. Nitakushauri ufunike udongo kwa wiki tatu za mwanzo, basi. Ukizivuka hizo, sehemu kubwa ya tatizo imekwisha.

Kwanza lakini hakikisha mhalifu ni yeye. Kindi hufanya kazi mchana: hutoka jua likichomoza, hupumzika kwenye joto kali, hurudi alasiri, na giza likiingia yuko kwenye tundu lake mtini. Panya hupita usiku. Kwa hiyo mtazame muda, usihangaike na nyayo, maana wote wawili wana vidole vinne miguu ya mbele na vitano ya nyuma, na kwenye udongo mlegevu hata mtaalamu atababaika. Jioni sawazisha udongo wa kopo kwa kiganja na unyunyize unga kidogo sakafuni kuzunguka kopo. Alfajiri kabla hujamwagilia, angalia. Kama pamevurugwa, tafuta mtego wa panya. Kama pako shwari alfajiri na saa nne pamefukuliwa, ni mnyama wa mchana.

Na mnyama wa mchana si lazima awe kindi. Kuku wa jirani ana makucha mapana na haoni haya. Yeye hutawanya udongo pande zote na kuacha kopo kama limepigwa jembe. Kunguru hung'oa mche kwa mdomo, akauacha hapo hapo au akaondoka nao, na udongo hauvurugiki sana. Kindi huacha kishimo kidogo kama kikombe cha kahawa, chembamba chini, udongo ukiwa umerushwa upande mmoja, upande aliokuwa ameupa mgongo. Kama ulipanda karanga, ganda au ngozi nyekundu ya punje utaikuta pale pale ukingoni, kwa sababu punje nyingine huzila papo kwa papo, akiwa ameketi kwa miguu ya nyuma na kuzishika kwa mikono miwili. Ukikuta hivyo, huna haja ya ushahidi zaidi.

Sasa kinga yenyewe. Kinachofaa kuliko vyote ni wavu wa waya wenye matundu ya nusu inchi, yaani kama milimita 12. Ule wa kuku wenye matundu makubwa haufai sana peke yake. Kindi wetu wengi ni wadogo kuliko wale wakubwa wa kijivu wa Ulaya na Marekani mnaowaona kwenye video, na mtoto wa kindi hupenya pale usipodhania. Wavu wa plastiki usinunue kabisa. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yote, hivyo ni lazima atafune vitu vigumu ili yapungue, na plastiki kwake ni kazi ya dakika chache. Kama fundi ujenzi wa mtaani ana chekeche kuukuu la mchanga, muombe. Waya wake ni mgumu na kipande kimoja hutosha makopo kadhaa. Kava la feni mbovu nalo ni mali, mradi nafasi kati ya nyaya zake si pana.

Kwa kopo lenye mbegu, kata kipande cha mviringo kilichozidi mdomo wa kopo kwa sentimita tano kila upande. Kiinue katikati kwa kiganja kiwe kama kawa, ili kati ya udongo na waya pabaki nafasi ya sentimita 10 hivi ambayo mche utachipulia. Kunja kingo zishuke nje ya mdomo wa kopo, kisha zungushia waya laini ule wa kufungia nondo na uukaze kwa koleo. Usikazie upande mmoja ukaacha mwingine umelegea. Kindi huzunguka kopo lote akijaribu, na pale penye uwazi ndipo atakapoingiza pua, halafu kichwa, na kichwa kikishapita mwili wote umepita. Ncha za waya zilizokatwa zikunjwe kwa ndani, watoto wasijichane. Maji utamwagilia juu ya wavu bila kuufungua.

Lini uondoe? Hapa wengi hukosea kwa haraka. Maharage na karanga zikiota, mbegu yenyewe hupanda juu na kugawanyika vipande viwili vinene, na vile bado ni chakula kizuri kabisa. Subiri majani halisi yafunguke na vile vipande vianze kusinyaa. Mahindi ni kinyume chake: punje hubaki chini na kuulisha mche, kwa hiyo kindi hung'oa mche mzima ili aifikie. Ukipanda mahindi kwenye magunia nyuma ya nyumba, usiondoe kinga kabla ya wiki mbili hadi tatu tangu yachipuke. Alizeti na maboga nazo zinahitaji kinga hiyo hiyo, zote zina mbegu nene yenye mafuta. Mchicha, kabichi, sukuma wiki na mnavu mbegu zake ni ndogo mno, hazimshughulishi. Hapo unalinda udongo usipekuliwe, na kinga ya wiki moja mpaka mizizi ishike inatosha.

Njia nyingine, na ndiyo ninayoipenda kwa nyanya na pilipili hoho, ni kukuza miche ndani ya nyumba kwanza. Weka beseni la kitalu dirishani au kwenye jiko lenye mwanga, uhamishe miche ikiwa na majani manne au matano. Siku ya kuhamisha, shindilia udongo kwa vidole kuzunguka shina na uufunike papo hapo, maana siku hiyo udongo wote ni mbichi na harufu yake inapanda.

Mimea mikubwa ya kudumu, kama ndimu, waridi na mpilipili wa mwaka jana, haihitaji kawa. Tandaza kokoto ndogo juu ya udongo, kina cha sentimita tatu au nne, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka shina ili lisioze. Kindi akikwangua mara mbili tatu bila kufikia udongo, huondoka. Kama ni mbishi, weka kwanza kipande cha waya chini ya kokoto: kikate kutoka ukingoni hadi katikati, toboa tundu mara mbili ya unene wa shina, ukizungushe kama kola ya shati. Kokoto hizo zina faida nyingine msimu wa mvua. Tone kubwa la mvua likigonga udongo mtupu hurusha matope kwenye majani ya chini, na magonjwa mengi ya nyanya huanzia hapo hapo.

Matunda ni habari tofauti kidogo. Nyanya iliyong'atwa upande mmoja na kuachwa ikining'inia, hasa kabla mvua hazijakolea, mara nyingi ni kiu. Bakuli la maji chini ya mti, mbali na makopo, linaweza kusaidia, ingawa wapo kindi ambao watakunywa maji na nyanya wasiiache. Dawa ya uhakika ni kuvuna mapema: nyanya ikianza tu kubadilika rangi kitakoni, ichume ukaiivishe ndani. Haipungui kitu cha maana. Wale wa Lushoto na Arusha wenye stroberi kwenye vyungu hawana njia ya mkato, wajenge kizimba kamili cha waya chenye mlango.

Nikija kwenye mbinu za mitandaoni, nyingi hazina maisha. Sidii za zamani zilizoning'inizwa humtisha siku mbili tatu, kisha anakalia kamba yake. Vitunguu saumu vilivyopandwa ukingoni havijawahi kumzuia kuchimba katikati. Pilipili kali ya unga inafanya kazi kweli, kwa kuwa wanyama wanyonyeshao huhisi ule muwako ilhali ndege hawausikii, lakini mvua moja tu ya vuli imeiosha, na wewe utarudia mpaka uchoke. Ukiitumia, usiinyunyize penye upepo. Majivu kidogo si mabaya, ila ukiyarundika kila siku kwenye kopo dogo, udongo utakuwa na chumvichumvi na mimea itageuka njano. Na chandarua chenye dawa kiache kitandani, ndipo kazi yake ilipo.

Kuna jambo ambalo watu hulifanya wenyewe na kumlaumu mnyama. Vichwa vya dagaa na mabaki ya samaki vinavyofukiwa kwenye kopo kama mbolea vinaita kila mwenye pua: kindi, panya, paka, mbwa. Mabaki hayo yapeleke kwenye shimo la mboji yaoze kwanza. Chakula cha kuku kilichomwagika, wali uliotupiwa ndege, maembe yaliyoanguka na kuachwa chini ya mti, vyote humfundisha kindi kwamba kwako kuna karamu. Fagia. Halafu tazama juu: tawi la mfenesi au mkorosho linalogusa paa la kibaraza ni daraja lake. Likate libaki mbali na paa angalau mita mbili. Hatashindwa kufika kwa njia nyingine, lakini atapita chini, na mbwa yuko chini.

Sumu siikubali, na hapa sina pole. Kuna watu hutumia dawa kali za kuulia wadudu wa shambani kwa kuzichanganya na karanga. Ni hatari kwa mtoto anayecheza kibarazani kabla ya kuwa hatari kwa kindi. Sumu ya panya haiishii kwa aliyeila: bundi na paka wanaomla nao huweza kufa, na hao ndio waliokuwa wakikupunguzia panya bure. Vidonge vya nondo vya kabatini vina kemikali isiyotakiwa karibu na mboga. Zaidi ya hayo, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hapa Tanzania, na ile ya Kenya ya mwaka 2013, haziruhusu kuwinda mnyamapori bila kibali eti kwa kuwa yuko uani kwako. Kinga ya waya haihitaji kibali cha mtu.

Kwa wakulima wa maeneo makavu ambao shida yao si makopo bali mistari ya mahindi na karanga, yule ni kindi wa ardhini, anayeishi kwenye mashimo na kufuata mstari shimo kwa shimo kama aliyepewa ramani. Waya hauwezi kufunika ekari. Pandeni kwa pamoja na majirani mvua ya kwanza ya kutosha ikinyesha, ili hasara isimwangukie mmoja, fukieni mbegu kwa kina kinachostahili, shindilieni kwa mguu, na wekeni zamu ya kulinda asubuhi na alasiri mpaka mahindi yafike wiki ya tatu.

Neno la mwisho ni la afya. Usimshike kindi kwa mikono mitupu, awe hai kwenye mtego au mzoga. Mwaka 1985 virusi vya mpox vilipatikana kwa kindi wa msituni nchini Zaire, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya sasa, na ingawa dharura ya ugonjwa huo iliyotangazwa na Shirika la Afya Duniani Agosti 2024 iliondolewa mwaka 2025, hakuna sababu ya kujaribu bahati. Mzoga uchukue kwa koleo la udongo na uufukie mbali na makopo. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.