SOMO: NAMNA YA KUIELEZA MASHINE PICHA UITAKAYO

Wanachama wetu,

Limekuwa likiulizwa mara kwa mara swali hili: je, mashine za akili mnemba, zinazochora picha kwa kuandikiwa maneno tu, zaweza kutufaa sisi wakulima wa karafuu? Na ikiwa zaweza, mbona mtu akiandika maneno yake hupata picha isiyofanana na shamba lo lote la kisiwa hiki? Tumeonelea vyema kulijibu swali hilo kwa njia ya somo, ili kila mwanachama, na khasa vijana wenye simu, alisome kwa utulivu na kulijaribu mwenyewe.

Haja ya picha tunayo. Twataka picha za kufundishia uchumaji wa salama na uanikaji mzuri. Twataka michoro ya vibandiko vya chupa za mafuta ya makonyo na vya pakiti ndogo za karafuu. Twataka mabango ya mikutano. Mchoraji hapatikani katika kila kijiji, na mashine imo mkononi. Lakini yafaa kwanza tujue ni chombo cha namna gani.

MASHINE HUJUA NINI?

Mashine haijapata kufika shamba. Imefundishwa kwa kuonyeshwa picha nyingi mno, kila picha na maneno yake, mpaka ikajua kuwa neno hili huandamana na umbo hili, na neno lile na rangi ile. Ukiiandikia, mara nyingi huanza na chengachenga tupu, mfano wa mchanga uliomwagwa ovyo, kisha huzisafisha chenga hizo hatua kwa hatua, ikiyafuata maneno yako, hata picha ikatokea.

Mashine za namna hii zilianza kuenea kwa watu wengi mwaka 2022, zilipotoka DALL-E 2, Midjourney na Stable Diffusion. Mwaka huo huo ilitolewa hazina ya picha iitwayo LAION-5B, ambayo sehemu zake zilitumika kuifundisha Stable Diffusion. Hazina hiyo ilikuwa na jozi za picha na maneno zaidi ya 5,800,000,000, na kiasi cha 2,300,000,000 katika hizo maneno yake yalikuwa ya Kiingereza. Picha hizo zilikusanywa kutoka katika intaneti, yaani zilipigwa na kuelezwa na watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja kwa haja zake. Walioandika juu ya karafuu wengi wao waliiona jikoni, imekwisha kauka, imo katika kichupa au juu ya kijiko. Wachache mno waliiona mtini.

Hapa ndipo penye siri ya somo letu. Kila usilolisema, mashine hulijaza yenyewe kwa yale iliyoyaona mara nyingi. Ukinyamaza juu ya mahali, itakuchagulia mahali. Ukinyamaza juu ya rangi, itakuchagulia rangi. Basi iandikie kama unavyomwandikia fundi mchoraji aliye mji wa mbali, hodari wa mkono, lakini hajapata kuuona mkarafuu maishani mwake. Fundi huyo hatauliza swali. Atachora kwa maneno uliyompa, na penye upungufu atabuni.

MFANO

Tutazame maelezo haya: "Mkulima anavuna karafuu."

Kwetu sisi maneno matatu haya yametosha, kwa kuwa mengine yote tunayo vichwani. Lakini fundi wetu wa mbali hana kitu. Huenda akachora uwanda wa nyasi kavu, na mti mfupi ulioning'inia karafuu nyeusi zilizokwisha kauka, kama kwamba karafuu hukaukia mtini. Picha itakuwa safi na yenye kung'aa, na itakuwa ni uwongo mtupu.

Sasa tutazame maelezo haya:

"Mwanamume mtu mzima amesimama juu ya ngazi ya mbao iliyoegemezwa na kufungwa kwa kamba kwenye mti mrefu, wenye majani mengi ya kijani yanayong'aa. Anachuma vishada vya vitumba vidogo ambavyo havijachanua, vya kijani kinachoanza kuwa chekundu, vilivyo kwenye ncha za matawi. Kapu lililosukwa kwa kuti la mnazi limetungikwa kwenye tawi karibu naye. Nyuma ni vilima vya kijani na minazi. Asubuhi baada ya mvua, jua laini. Mfano wa picha iliyopigwa kwa kamera, ndefu kwenda juu."

Tazameni kuwa neno karafuu halimo kabisa, wala picha haikupungukiwa na kitu. Kila neno limetaja jambo linaloonekana kwa jicho.

MAMBO MATANO YA KUTAJA

1. Kitu chenyewe. Nani au nini, wangapi, umri gani, wamevaa nini. Penye mtu, semeni "mtu mzima", kwani hatutaki bango la Chama likionyesha mtoto juu ya mkarafuu.

2. Tendo. Anachuma, anachambua, anaanika au anafunga gunia? Tajeni mikono inafanya nini.

3. Mahali. Msitosheke na jina la kisiwa. Semeni vilima, minazi, nyumba ya bati, uwanja uliofagiwa.

4. Wakati na mwanga. Asubuhi, adhuhuri, mawingu ya mvua, jua kali. Mwanga ndio unaoipa picha hali yake.

5. Namna ya picha. Ya kamera, ya kuchorwa kwa wino, au ya rangi za maji? Ya karibu au ya mbali? Ndefu kwenda juu kwa bango, au pana kwa kibandiko?

Msiyapange haya ovyo. Lililo kubwa litangulie. Stable Diffusion za mwanzo, kwa mfano, zilikuwa zikisoma vipande vya maneno 77 tu, pamoja na alama ya mwanzo na ya mwisho, na neno refu moja laweza kuwa vipande viwili au zaidi. Lililozidi lilikatwa. Mashine za siku hizi nyingi husoma zaidi ya hapo, lakini desturi ya kutanguliza jambo kubwa ingali ni njema.

KISWAHILI AU KIINGEREZA?

Mashine nyingi za sasa huelewa Kiswahili cha kawaida kwa kiasi. Taabu iko katika maneno ya kazi yetu. Pakacha, jamvi na makonyo ni maneno yaliyo adimu katika mafunzo yake. Basi msitaje jina tu, elezeni umbo. Badala ya jamvi, semeni "mkeka mpana uliosukwa kwa majani makavu, umetandikwa chini". Badala ya makonyo, semeni "vijiti vyembamba vilivyotenganishwa na vitumba".

Kiingereza nacho kina mtego wake. Neno lao la karafuu ni clove, na neno hilo hilo hutumika kwa punje moja ya kitunguu thaumu. Mtu akiliandika peke yake, asistaajabu kuletewa rundo la thaumu. Tena hata jina la kitaalamu la mkarafuu, yaani Syzygium aromaticum, halitoshi kuieleza mashine kuwa wewe wataka kitumba kibichi na si kikavu. Tiba ni ile ile: elezeni kinachoonekana.

MAMBO YANAYOWAPOTEZA WENGI

La kwanza, ni kusifu badala ya kueleza. "Picha nzuri sana, ya kupendeza, ya ajabu." Uzuri hauna umbo wala rangi. Ukisema "umande juu ya majani, jua likipenya baina ya matawi", hapo umeutaja uzuri wenyewe.

La pili, ni kukanusha. Mtu akiandika "pasiwe na tembo", neno tembo limekwisha ingia, na huenda tembo akaja. Taja unachokitaka: "uwanja mtupu, pana mikeka tu". Baadhi ya programu zina kisanduku mbali cha kuandikia visivyotakiwa. Kikiwapo, humo ndimo mahali pake.

La tatu, ni hesabu na maandishi. Ukitaka magunia kumi na saba, huenda ukapata kumi na mbili. Ukitaka jina la Chama juu ya gunia, huenda herufi zikavurugika. Mashine mpya zimeendelea katika hayo, lakini yafaa kuacha nafasi tupu katika picha, na maandishi yakatiwa baadaye kwa mkono au kwa programu nyingine.

La nne, ni kubadilisha mambo yote kwa pamoja. Picha ikitoka na makosa matatu, rekebisheni moja, mtazame, kisha la pili. Ukibadili yote hutajua ni lipi lililofaa. Programu nyingine hutumia namba iitwayo mbegu, ambayo huamua zile chenga za mwanzo. Mbegu ikiwa ile ile, mashine ile ile na mipango mingine ile ile, utaona wazi neno jipya limebadilisha nini. Mkulima hana haja ya kuelezwa zaidi: panda mbegu moja katika vitalu viwili, na kimoja ukitie samadi.

KUIPIMA PICHA

Picha ikisha toka, asiitumie mtu kabla haijatazamwa na macho ya shamba. Yaulizeni haya: Vitumba vimo kwenye ncha za matawi, au vimebandikwa popote? Vya mtini ni vibichi, na vya mkekani ni vya rangi ya kahawia? Kitumba kina kichwa chake cha mviringo na pembe zake nne? Ngazi imeegemea kitu, au inaelea? Vidole vya mchumaji ni vitano? Karafuu zimeanikwa juu ya mkeka, au zimemwagwa juu ya udongo?

Swali la mwisho hilo ni kubwa. Bango la kufundishia likionyesha karafuu zimeanikwa juu ya udongo, basi limefundisha uchafu, na kijana atakayeliona atafuata jicho lake kabla ya kufuata maneno yaliyoandikwa chini. Kadhalika mchumaji aliyesimama juu ya tawi jembamba. Walioanguka mikarafuuni tunawajua, na wengine hawakusimama tena. Picha mbovu ya usalama ni bora isibandikwe.

MPAKA WA MATUMIZI

Tumelifikia jambo ambalo ndilo zito kuliko yote. Mashine yaweza kuchora karafuu kavu, safi, za ukubwa mmoja, hazina konyo hata moja. Yaweza kuchora ghala lililojaa kwa mtu ambaye hana hata pishi moja. Picha hiyo akipelekewa mnunuzi wa mbali kuwa ndiyo mali yetu, hiyo si picha tena, ni hadaa.

Sote tunaijua khabari ya mwuza nafaka ambaye Mtume wetu (S.A.W.) alitia mkono katika chungu yake akaukuta umajimaji chini, na namna alivyomkemea kwa kutouweka juu watu wakauona. Picha ya kubuni ya karafuu kavu, juu ya gunia la karafuu mbichi, ni chungu ile ile. Na hasara yake haimwishii aliyefanya. Mnunuzi akidanganywa mara moja na mkulima mmoja, hulipunguza jina la kisiwa kizima.

Kwa hivyo twashauri hivi. Picha ya mali inayouzwa ipigwe kwa kamera, mali yenyewe, siku yenyewe. Picha ya mashine itumike kwa bango, somo, pambo la kibandiko na mfano wake, na pembeni yaandikwe maneno haya: "Mchoro wa mashine." Wala asichorwe mtu anayejulikana bila ya ridhaa yake, wala isichorwe hati ya cheti au muhuri wa ofisi yo yote.

Wako wanachama wanaochelea kuchora viumbe vyenye roho. Suala hilo tunawaachia wenye ilimu. Somo letu halimlazimishi mtu: miti, vishada, mikeka, makapu na magunia yatosha kwa mabango mengi.

MAZOEZI

1. Andikeni maelezo ya karafuu zilizoanikwa, bila ya kulitumia neno karafuu wala neno jamvi.

2. Yasahihisheni maelezo haya: "Wanawake wazuri wanachambua karafuu, pasiwe na uchafu." Makosa yake ni mawili, nayo yote yametajwa katika somo hili.

3. Msomeeni maelezo yenu mtu aliyefumba macho, kisha mwulizeni ameona nini. Alipokosea yeye, na mashine itakosea hapo hapo.

Wenye kupenda walete majibu yao katika kikao kijacho, pamoja na picha walizozipata, nzuri na mbaya. Mbaya ndizo zitakazotufunza zaidi. Tutazitazama pamoja, na wazee wetu waliokulia chini ya mikarafuu ndio watakaokuwa waamuzi, kwani katika jambo hili wao ndio wenye kujua ambayo mashine haijapata kuyaona.

Wassalaam,
Katibu wa Chama