Mbegu za Kilimanjaro Mbele ya Lenzi: Vidokezo

Wapandaji wengi wa Kilimanjaro huinamia ua lililochanua na kulipita lililokwisha kuchanua. Wanakosa uhondo. Vichwa vya mbegu vya mimea ya Helichrysum na Senecio vina nyuzi laini zinazonasa mwanga kuliko petali yoyote.

1. Itumie siku ya mapumziko kwenye kambi ya Horombo. Katika njia ya Marangu, wengi hubaki hapo, mita 3,720, kwa usiku wa pili ili mwili uzoee mwinuko. Matembezi ya kwenda Zebra Rocks yanakupitisha kwenye vichaka vya Helichrysum bila haraka. Siku ya kilele hutakuwa na muda wala pumzi.

2. Ngoja sakitu iyeyuke, lakini usingoje mawingu. Nyuzi zilizolowa hugandamana. Jua likizikausha hutanuka. Kabla ya adhuhuri, mara nyingi mawingu huwa yameshapanda kutoka msituni.

3. Kichwa cha mbegu kikae kati yako na jua. Nyuma yake tafuta jiwe jeusi la volkano lililo kivulini, nyuzi zitawaka. Wingu jeupe likiwa nyuma, zitapotea kabisa. Kinga lenzi kwa kofia.

4. Kubali kwamba si kila kitu kitaonekana wazi. Kwa lenzi ya makro, ukipiga kwa ukubwa halisi wa kitu na tundu la f/8, sehemu iliyo wazi ni kama milimita moja tu! Basi amua: nyuzi za mbele, au duara la ukingo? Mimi huchagua ukingo, kwa sababu ndio unaobeba umbo. Zima fokasi ya otomatiki, sogeza mwili mbele na nyuma taratibu, piga picha kadhaa. Mwenye simu abandike lenzi ndogo ya makro, naye asogee vivyo hivyo.

5. Upepo hautulii. Anza na kasi ya 1/500, pandisha ISO bila woga; chengachenga kwenye picha zinavumilika, ukungu wa mtikisiko hauvumiliki. Egemeza viwiko kwenye begi. Pumua pembeni, pumzi yako inatosha kupeperusha mbegu.

6. Pendelea kichwa kilichopukutika nusu. Kinaonyesha vishimo mbegu zilipokaa, na zile zilizobaki zinapata nafasi ya kuonekana.

7. Usichume, hii ni hifadhi ya taifa. Usilalie mimea pia, huku juu hukua polepole mno. Lala njiani au juu ya jiwe.

8. Betri ilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia. Baridi huipunguzia nguvu haraka.