Somo kwa Makatibu na Makarani: Diski Isipoonekana Katika Kompyuta ya Chama



Vyama vingi sasa huweka ndani ya kompyuta rejista ya wanachama, uzito wa kahawa iliyopokelewa, na hesabu za malipo ya awali na ya pili. Jambo hilo ni jema, ila limeleta hatari ambayo leja ya karatasi haikuwa nayo: asubuhi moja mashine huwashwa ikadai kwamba haina diski. Katika ukaguzi nilikuta chama ambacho fundi alikwisha tamka kwamba diski imekufa, iwekwe mpya na kazi ianze upya, ilhali wanachama walikuwa wakingojea malipo ya pili juma lilelile. Diski hiyo ilipofungwa katika kompyuta nyingine ilisomeka yote. Kasoro ilikuwa kati yake na mashine.

Kati ya diski na kompyuta kuna kidhibiti, nacho ni sehemu ya ubao mkuu au kadi iliyochomekwa juu yake. Hicho ndicho kinachopokea maombi ya kusoma na kuandika, kama karani wa mizani anavyosimama kati ya mkulima na ghala. Makarani wawili wakipewa mizani moja na kitabu kimoja cha stakabadhi, kazi itasimama ingawa wote ni wazima. Mgongano wa vidhibiti ni wa namna hiyo.

Katika kompyuta zilizofuata muundo wa IBM PC/AT wa mwaka 1984 palikuwa na njia 16 za kukiita kichakataji, zenye namba 0 hadi 15. Kidhibiti cha kwanza cha diski kilishika namba 14, na cha pili namba 15. Kadi ya sauti au ya mtandao iliyopangiwa mojawapo ya namba hizo ilitosha kuipoteza diski. Baadaye mfumo wa PCI uliruhusu kadi kutumia njia moja kwa zamu, na Windows 95 ikaanza kugawa namba yenyewe. Waliosema kwamba migongano imekwisha walisema mapema mno.

Chanzo ninachowaomba mkishuku kwanza ni betri. Juu ya ubao mkuu kuna betri bapa ya CR2032, yenye volti 3, inayotunza saa ya mashine na, katika kompyuta nyingi za umri mkubwa, mipangilio yake pia. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapozimwa. (Stakabadhi zenye tarehe hizo ni hoja ya ukaguzi peke yake.) Pamoja na tarehe, hali ya kidhibiti huweza kurudi ilivyotoka kiwandani, iwe IDE, AHCI au RAID. Windows iliyowekwa chini ya hali moja huweza kukataa kuanza chini ya nyingine. Windows 7 huonyesha namba 0x0000007B kwenye skrini ya buluu. Dawa yake ni betri mpya, kisha kuingia katika mipangilio wakati wa kuwasha, mara nyingi kwa kubonyeza F2 au Delete, na kurudisha hali ya awali. Hakuna diski ya kununua hapo.

Chanzo cha pili ni kitu kilichoongezwa. Diski nyembamba za M.2, katika mbao nyingi, hutumia njia moja na tundu fulani la SATA. Ukichomeka hiyo mpya, tundu hilo hunyamaza na diski ya zamani hutoweka. Kitabu cha ubao husema ni tundu lipi, na kuhamisha kebo hadi tundu jingine hutosha. Ikiwa iliongezwa kadi, orodha ya vifaa ya Windows huweza kuiwekea alama ya manjano na kosa namba 12, maana yake kifaa hakikupata nafasi ya kutosha. Zimeni, chomoeni umeme, iondoeni kadi hiyo, kisha washeni. Diski ikirudi, mgomvi amejulikana. Ijaribuni kadi katika nafasi nyingine.

Kabla ya yote hayo, diski ipelekwe kwenye kompyuta nyingine na nakala itolewe. Windows ikiuliza kama iiandae diski kwa matumizi, jibu ni hapana, hata fundi akihimiza: kukubali kunaandika jedwali jipya mwanzoni mwa diski, na kuyapata tena majina ya wanachama huwa kazi ngumu na ya gharama. Chama chenye diski mbili zilizofungwa pamoja kwa RAID, moja ikiwa nakala ya nyingine, kiwe mwangalifu zaidi. Hali ikibadilika kuwa AHCI zitaonekana kama diski mbili zisizohusiana, na maandishi yakiingia katika mojawapo hazitalingana tena.

Siku mashine ikiwa nzima, karani aandike katika karatasi moja hali ya kidhibiti, tundu la kila diski, na tarehe ya betri. Karatasi hiyo, pamoja na kitabu cha ubao, ikae katika jalada la rejista ya mali. Nitaiomba katika ukaguzi ujao.