SIMU YA MEZANI YA KIKUNDI: UFUNGUO UKO KWA NANI?



Sanduku la akiba mnalijua. Lina kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa watu watatu wanaolala nyumba tofauti. Hata mweka hazina akiamka usiku na tamaa moyoni, hawezi kulifungua peke yake. Hilo tumelielewa vizuri, toka Sagalla mpaka Taveta, na hatuna haja ya kufundishana tena.

Sasa hebu tazameni pale mezani, kando ya hilo sanduku. Kuna simu. Mnunuzi wa asali hupiga hapo. Mwenye lori la kubeba mahindi hupiga hapo. Jirani aliyeona ndovu wakiteremkia mashambani hupiga hapo. Na siku hizi pesa nazo huingilia hapo hapo. Je, simu hiyo ina kufuli ngapi? Katika vikundi vingi tulivyotembelea, haina hata moja.

Wenye umri wanakumbuka simu za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1999. Kupata laini ilikuwa ni kungoja miaka, na ofisi iliyoipata iliitunza kama ng'ombe wa maziwa. Simu ilikuwa na gurudumu la kuzungusha namba, na mkubwa wa ofisi alitia kufuli dogo kwenye tundu la gurudumu ili vijana wasipige Nairobi yeye akienda kula. Basi wajanja wakagundua jambo. Gurudumu lile likirudi lilikata umeme wa waya kwa haraka: namba tano, mara tano; namba tatu, mara tatu. Na kile kitufe ambacho mkono wa simu hukalia kilikata umeme ule ule. Kwa hiyo mtu aligonga kitufe mara tano upesi, akatulia kidogo, akagonga mara tatu, akaendelea hivyo mpaka namba ikaisha, na simu ikaita. Kufuli lipo palepale, linang'aa. Bili ikija mwisho wa mwezi, mkubwa anashika kichwa.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu bado tunafanya vilevile. Tunafunga mlango wa ofisi, tunafunika simu na kitambaa kizuri cha kufuma, na njia yenyewe ya kuingilia tunaiacha wazi.

LAINI IMEANDIKWA KWA JINA LA NANI?

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Tulinunua simu ya mezani, ile inayofanana na za zamani lakini ndani inatiwa laini kama ya simu ya mkononi. Siku hiyo tulikuwa na haraka, basi mwenzetu mmoja akatoa kitambulisho chake dukani, laini ikasajiliwa kwa jina lake. Hakuna aliyeona ubaya. Namba ikapakwa rangi kwenye kibao cha njiani na ikachapwa kwenye risiti. Baadaye mwenzetu akapata kazi mbali, tukamfanyia karamu, akaenda. Mwaka uliofuata kadi ya laini ikaharibika. Tukaenda kuomba nyingine yenye namba ile ile, tukaulizwa, "Mwenyewe yuko wapi?" Tukasema sisi ndio wenyewe. Mhudumu akatazama mashine yake, akatikisa kichwa, na alikuwa na haki. Ilituchukua wiki tatu mpaka mwenzetu akapata ruhusa ya kusafiri. Wiki tatu hizo wateja walidhani tumefunga.

Na huyu alikuwa mtu mwema. Je, angekuwa amekosana nasi? Au angekuwa amefariki, Mungu apishe mbali? Pesa zilizomo kwenye laini zingehesabiwa kuwa zake, na mjane wake angetakiwa kupeleka karatasi za urithi kwa fedha ambazo hata yeye anajua si za mumewe. Uchungu wa namna hiyo huvunja kikundi kuliko wizi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hii. Kama kikundi chenu kina cheti chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, chukueni cheti hicho pamoja na muhtasari wa mkutano uliotiwa sahihi na viongozi, mkaulize katika duka la kampuni yenu ya simu jinsi ya kusajili huduma kwa jina la kikundi. Namba ya kupokelea malipo hufunguliwa kwa jina la kikundi, na fedha zikaelekezwa benki mahali penye sahihi zaidi ya moja. Kama kwa sasa laini lazima ikae kwa jina la mtu, basi iandikwe kwenye muhtasari kwamba mtu huyo ameishika kwa niaba yenu, na akiondoka atafanya nini. Sahihi yake iwepo. Msione aibu kumwomba mzee wa kikundi sahihi. Inamlinda yeye na watoto wake pia.

Mwenye laini ya Safaricom akibonyeza *106# ataona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Jaribuni pamoja mkutanoni. Kuna watu watakaoshangaa.

KUFULI LA KADI

Simu ya mezani ya aina hii ina kijumba cha kadi, mara nyingi chini au nyuma karibu na betri. Mtu akiitoa kadi na kuitia katika simu yake ya mkononi, ameondoka na ofisi nzima mfukoni: namba, kredi, na nafasi ya kujaribu namba ya siri ya pesa. Kumbe kadi yenyewe ina kufuli lake. Nendeni kwenye mipangilio ya simu, washeni namba ya siri ya kadi. Baada ya hapo, kila kadi inapotiwa katika simu nyingine itauliza namba hiyo. Mtu akikosea mara tatu inajifunga, na itafunguliwa tu kwa ile namba ndefu ya tarakimu 8 inayoitwa PUK. Akikosea PUK mara kumi, kadi imekufa kabisa.

Mtaudhika kidogo, tunawaambia mapema. Umeme ukipotea na betri ikiisha, simu ikiwaka itauliza namba, na kama anayeijua yuko Wundanyi sokoni, mtangoja. Kwa hiyo watu wawili waijue. Ile kadi ya plastiki iliyokuja na laini, yenye PUK, msiiache kwenye droo ya meza. Itieni ndani ya sanduku lenye kufuli tatu.

Namba ya siri ya pesa ni jambo jingine na isifanane na ya kadi. Wala isiwe mwaka kikundi kilipoanza; huo umepakwa ukutani, kila mgeni anausoma.

MWIZI ANAYEPIGA SIMU

Wizi mwingi hauhitaji kuvunja mlango. Simu inalia, sauti nzuri inasema, "Napiga kutoka makao makuu, tunarekebisha laini yenu, tafadhali bonyeza nyota mbili, ishirini na moja, halafu namba hii..." Dada wa ofisi, kwa heshima yake, anabonyeza. Alichofanya ni kuelekeza simu zote za kikundi ziende kwa mwizi. Tangu hapo mteja akipiga kuuliza alipe wapi, anayejibu ni mwizi, na anamwambia atume kwa namba nyingine.

Kutazama kama simu zenu zimeelekezwa mahali, bonyezeni *#21# kisha kitufe cha kupiga. Mkikuta namba msiyoijua, bonyezeni ##002# kufuta maelekezo yote. Fanyeni hivyo kila mwezi siku ya mkutano.

Safaricom imewatangazia wateja kwamba ikiwapigia hutumia namba moja tu, 0722 000 000. Mwingine yeyote anayejiita mfanyakazi wake, kateni. Si utovu wa adabu. Ujumbe wa ulaghai unaweza kupelekwa 333 bila malipo. Na yule wa "mama, nimetuma kimakosa, nirudishie": ujumbe wa kweli huja na jina MPESA, si kutoka namba ya mtu. Tazameni salio kwanza. Hata kama pesa imeingia kweli, msirudishe kwa mkono wenu. Mwambieni aliyetuma apeleke ujumbe wake kwa 456, kampuni ndiyo irudishe.

KWA WALIO KATIKA KAMATI ZA SHULE, ZAHANATI NA SACCO

Baadhi yenu mmechaguliwa kwenye kamati za mahali penye simu kila chumba. Zamani palikuwa na opereta na swichibodi yake. Sasa simu hizo huungwa kwa waya wa kompyuta kwenye kisanduku kimoja, na kisanduku kimeungwa kwenye intaneti. Ni nzuri na ni rahisi, lakini mlango wake unafunguka dunia nzima.

Simu hizi hutoka kiwandani zikiwa na neno la siri linalojulikana na kila fundi, mara nyingi "admin" na "admin" tena. Fundi akimaliza kuziunga, zinalia, watu wanapiga makofi, yeye anaenda zake na neno lile linabaki. Huko mbali kuna watu wenye programu zinazobisha hodi kwenye visanduku vya simu usiku na mchana, zikijaribu ekstensheni 100 kwa neno la siri 100, ekstensheni 101 kwa 101. Ikikubali moja, hungoja Ijumaa usiku. Kuanzia hapo mpaka Jumatatu asubuhi kisanduku chenu kinapiga namba za nchi za mbali ambazo dakika yake ni ghali sana, na mwenye namba hiyo hugawana mapato na mwizi. Kampuni ya simu inawadai ninyi, maana simu zimetoka kwenu. Hapa hasara ya siku mbili inaweza kuzidi karo za wanafunzi kadhaa.

Hamhitaji kuwa mafundi. Mnahitaji kuuliza fundi, na msimlipe salio lake kabla hajajibu. Je, neno la siri la kiwandani limebadilishwa katika kila simu, si kwenye kisanduku tu? Je, kila ekstensheni ina neno lake refu, lisilofanana na namba yake? Je, simu za nje ya nchi zimefungwa? Shule ya Mwatate ina haja gani ya kupiga kisiwa cha Pasifiki saa nane usiku? Je, kuna kiwango cha kredi ambacho kikifikiwa simu zinakatika zenyewe? Je, kisanduku kinaweza kufunguliwa na mtu aliye nje ya jengo? Ekstensheni ya mwalimu aliyehama imefutwa? Na programu ya simu hizo husasishwa na nani, mara ngapi kwa mwaka?

Maneno hayo ya siri fundi ayaandike, ayatie kwenye bahasha, bahasha ifungwe na kutiwa sahihi juu ya gundi, ikae kwa kamati. Tumeona mahali fundi peke yake ndiye mwenye neno la siri, na kila akihitajika anaongeza bei. Huyo hamkumwajiri, amewaajiri ninyi.

Simu iliyo ukumbini ambapo wageni husubiri ipewe ruhusa ya kupiga vyumba vya ndani na namba za dharura 999 na 112 tu.

DAFTARI

Kando ya simu wekeni daftari lenye kamba ya kalamu. Tarehe, aliyepiga, namba, kwa kazi gani. Mtu akipiga nyumbani kwa shida ya kweli aandike hivyo hivyo, asifichwe wala asisimangwe. Mweka hazina alinganishe daftari na kredi iliyonunuliwa, mbele ya wote.

ZUNGUMZENI KIKUNDINI

Laini yetu imesajiliwa kwa jina la nani, na mkutano uliamua hivyo lini? Katibu akilazwa hospitali kesho, nani ataiwasha simu? Mara ya mwisho kubadilisha namba ya siri ilikuwa kabla au baada ya kiongozi wa mwisho kuondoka?

Halafu bonyezeni *#06# kwenye simu ya mezani yenye laini. Itatokea namba ya kifaa yenye tarakimu 15. Kwa simu za kwenye kisanduku, zipindueni, namba imebandikwa chini. Andikeni zote kwenye karatasi moja, pamoja na chumba kila simu inapokaa, mwenyekiti na katibu watie sahihi. Simu ikipotea, karatasi hiyo ndiyo mtakayopeleka polisi.